Kanisa Lisilo la Madhehebu: Historia ya Fikra Moja katika Afrika ya Mashariki

Neno madhehebu lilizoeleka katika pwani yetu kabla Wakristo wa Ulaya hawajajenga kanisa lolote Rabai au Unguja. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni njia au mwendo. Waislamu wa pwani walilitumia kutaja njia za kuifasiri sheria ya dini: wenyeji wengi walikuwa Washafii, na watawala waliotoka Omani walikuwa Waibadhi. Katika Unguja ya karne ya 19 walikuwako makadhi wa pande zote mbili, kila mmoja akiwahukumu watu wake. Wakristo walipoanza kuandika na kuhubiri kwa Kiswahili walilichukua neno hilo likiwa tayari, wakalitumia kuyataja makundi yao. Lakini kwao lilibeba mzigo mzito zaidi. Dhehebu la Kikristo si njia ya kufasiri tu. Ni chama chenye askofu au baraza, chenye viwanja na shule, chenye daftari la waumini, na aghalabu chenye makao makuu katika mji wa mbali ambao waumini wake hawajapata kuuona.

Kwa hiyo yafaa tujiulize msemo huu tunaousikia mara kwa mara mijini mwetu una maana gani: kanisa lisilo la madhehebu. Wanaoutumia husema kwamba wao si Waanglikana, si Walutheri, si Wabatisti. Wao ni Wakristo tu, na kitabu chao ni Biblia tu. Wasikilizaji wengi hudhani kwamba hili ni jambo la juzi, lililoletwa na wahubiri wa mikutano ya hadhara. Sivyo. Fikra hiyo ilifika Tanganyika mwaka wa 1878, kabla ya bendera ya Wajerumani kupandishwa, na historia yake katika nchi zetu ina mafunzo ambayo vitabu vingi vya shule huyapita kwa haraka.

Chama kilichoileta kiliundwa London mwaka wa 1795, na baadaye kikaitwa London Missionary Society, au LMS kwa kifupi. Waanzilishi wake walikuwa watu wa makanisa mbalimbali ya Kiprotestanti, na walijua vema kwamba wakienda ng'ambo kila mmoja na desturi zake watagombana mbele ya wale wanaotaka kuwahubiria. Basi mwaka wa 1796 wakaweka kanuni moja ya msingi. Kanuni hiyo ilisema kwamba lengo la chama si kupeleka utaratibu wa kanisa la maaskofu, wala la wazee, wala la mikutano inayojitegemea, bali kupeleka Injili peke yake; na kwamba wale watakaoamini katika nchi hizo waachiwe wenyewe kuchagua namna ya kuliendesha kanisa lao, kwa kadiri watakavyoona inapatana na Neno la Mungu.

Tuitazame vizuri sehemu ya pili ya kanuni hiyo, maana ndiyo yenye uzito. Kusema hatupeleki dhehebu ni jambo jepesi. Kusema kwamba watu wa huko watachagua wenyewe ni kukubali kwamba Mwafrika, Mhindi au mtu wa visiwa vya Bahari ya Kusini ana akili na haki ya kuamua mambo ya kanisa lake. Katika mwaka wa 1796, wakati biashara ya watumwa ya Waingereza ilikuwa bado halali kwa sheria yao, hilo lilikuwa neno kubwa. Swali letu katika makala haya ni kama neno hilo lilitimizwa hapa kwetu.

David Livingstone alikuwa mtumishi wa chama hicho alipokuja Afrika ya Kusini kwa mara ya kwanza. Baada ya kifo chake mwaka wa 1873, LMS walitaka kuanzisha kazi penye Ziwa Tanganyika, wakasaidiwa na tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, aliyetoa pauni 5,000. Mwaka wa 1878 msafara wao ulifika Ujiji, na mwaka uliofuata daktari Ebenezer Southon akakaa Urambo kwa Mtemi Mirambo, ambaye alimpokea kwa hisani. Mirambo alihitaji mganga, na alihitaji pia mtu wa kumwandikia barua za kupeleka kwa balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja. Southon alikufa mwaka wa 1882 baada ya kujeruhiwa na risasi kwa ajali. Mirambo mwenyewe akafariki mwaka wa 1884. Wageni waliofuata waliuguaugua na kufa, wakauacha Ujiji, na waumini wa Urambo walibaki kuwa wachache sana. Ndipo mwaka wa 1898 LMS walipoikabidhi Urambo kwa Wamoravian, watu wa kanisa lenye asili ya Bohemia na Ujerumani, ambao tangu mwaka wa 1891 walikuwa wamekwisha kuanza kazi Rungwe.

Hatuwalaumu Wamoravian, ambao walifanya kazi kubwa Unyamwezi. Lakini angalia jinsi mambo yalivyokwenda. Chama kilichoahidi kwamba waumini watachagua wenyewe kiliwahamisha waumini hao kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa barua zilizoandikwa Ulaya, kama shamba linavyouzwa pamoja na minazi yake. Aliyelala usiku akiwa mfuasi wa kanisa lisilo na jina aliamka Mmoravian.

Wala si Urambo peke yake. Uchagani, chama cha Kianglikana cha CMS kilianza kazi Moshi mwaka wa 1885. Baada ya vita vya mwaka wa 1892 kati ya Wajerumani na Mangi Meli, serikali ya Kijerumani iliwashuku Waingereza hao, ikabidi waondoke. Mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Leipzig. Mpaka leo Wachaga wengi ni Walutheri, na wengine wengi ni Wakatoliki. Lakini Wachaga Waanglikana wangekuwa wengi kama Meli na Wajerumani wasingalipigana. Katika Usukuma vilevile, kituo cha Nassa kilicho kando ya Ziwa Victoria kilikuwa cha CMS hadi mwaka wa 1909, kilipokabidhiwa kwa chama kingine ambacho tutakitaja punde. Vyama vya Kiprotestanti viligawana nchi ili visigombane, na mgawanyo huo ukaonekana kuwa hekima. Ulikuwa hekima kweli kwa upande mmoja. Watu walikuwa wameona yaliyotokea Buganda, ambako wafuasi wa mapadre wa Kikatoliki waliitwa Wafransa na wafuasi wa CMS wakaitwa Waingereza, na mnamo Januari 1892 wakauana kwa bunduki penye kilima cha Mengo. Lakini matokeo ya mgawanyo ni kwamba dhehebu likawa kama kabila la pili: mtu alizaliwa ndani yake kwa sababu ya mahali kijiji chake kilipo, naye akaja akaitetea imani ambayo babu yake hakuichagua.

Chama kilichopokea Nassa kiliitwa Africa Inland Mission. Nacho, kama LMS, kilijitangaza kuwa si cha madhehebu. Mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, alikuwa Mskoti aliyehamia Marekani. Mwaka wa 1895 alifika Mombasa na wenzake wachache, wakaenda Ukambani na kujenga Nzaui. Scott alikufa mwaka wa 1896, lakini chama kilidumu, kikafanya makao yake Kijabe juu ya Bonde la Ufa. Watumishi wake walitoka katika makanisa mengi ya Marekani na Uingereza. Hawakuahidiwa mshahara, walitegemea sadaka, na waliunganishwa na maungamo mafupi ya imani.

Hapa ndipo tunapoona ugumu uliomo ndani ya fikra yenyewe. Mhubiri anaweza kuwa hana dhehebu maadamu anahubiri tu. Siku anapompata mtu wa kwanza wa kubatiza, itamlazimu aamue. Je, mtu huyo atatiwa maji kichwani au atazamishwa mtoni? Je, watoto wake wachanga watabatizwa pamoja naye? Ni nani mwenye mamlaka ya kubatiza, na ni nani amempa? Marafiki wa Kaimosi, waliokuja Kenya mwaka wa 1902, walijibu kwamba maji hayahitajiki kabisa. Watumishi wa Africa Inland Mission wao walibatiza watu wazima kwa kuwazamisha. Kila jibu ni dhehebu, hata kama mwenye kulitoa hataki liitwe hivyo. Kanisa laweza kukataa jina. Haliwezi kukataa kuwa na desturi.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi katika mkutano mashuhuri wa Juni 1913, uliofanyika Kikuyu katika misheni ya Waskoti. Waliokutana walikuwa wamisionari wa Kiprotestanti wa vyama kadhaa, wakiwamo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri wa Uskoti, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Mwenyekiti alikuwa J. J. Willis, Askofu wa Uganda, na pamoja naye alikuwapo W. G. Peel, Askofu wa Mombasa. Hoja yao ilikuwa kwamba magomvi ya Ulaya hayana maana kwa Mkikuyu wala kwa Mluo, na kwamba siku moja Waafrika wawe na kanisa moja lao. Kwa kuanzia walipendekeza shirikisho: kila chama kibaki na watu wake, lakini wote wakubali Biblia na maungamo ya kale ya imani, waheshimu ubatizo wa wenzao, na waalikane kuhubiri. Mwishoni wakafanya ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti. Askofu Peel aliiongoza kwa utaratibu wa Kianglikana, mahubiri yakatolewa na Mpresbiteri, na wengi wasiokuwa Waanglikana wakapokea mkate na divai mkononi mwa askofu.

Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikasirika mno. Weston alikuwa wa misheni ya UMCA, iliyoshika sana mapokeo ya Kikatoliki ndani ya Kanisa la Uingereza. Aliandika waraka wa wazi, akamwomba Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awahukumu Willis na Peel kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yalijaa neno Kikuyu, ambalo wasomaji wengi hawakuwa wamepata kulisikia. Mwaka wa 1915 Askofu Mkuu alitoa maoni yake: hapatakuwa na hukumu ya uzushi, Wakristo wengine walio mbali na makanisa yao waweza kukaribishwa, lakini ibada ya pamoja kama ile ya Kikuyu isirudiwe.

Ni rahisi kumfanya Weston kuwa mtu mbaya wa hadithi hii. Sisi hatukubali. Huyu ndiye aliyeandika mwaka wa 1920 kuipinga serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotaka kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na watu wa Unguja na Magila walimpenda. Katika jambo la Kikuyu alikuwa na hoja moja ambayo wenzake hawakuijibu. Alisema kwamba umoja unaojengwa kwa kunyamazia tofauti si umoja, kwa kuwa tofauti zenyewe zitabaki. Alikosea, kwa maoni yetu, alipodhani kwamba dawa yake ni mashtaka. Lakini pande zote mbili zilikuwa na kosa moja kubwa kuliko hayo. Walibishana kuhusu kanisa la Waafrika, na wenye sauti katika ubishi huo walikuwa Wazungu. Walimu na wahubiri wa Kiafrika, ambao ndio waliokuwa wakifundisha vijijini, hawakuulizwa.

Mkutano wa pili ulifanyika Kikuyu mwaka wa 1918, na Weston mwenyewe alihudhuria. Shirikisho halikupatikana, badala yake vyama vikaunda muungano wa ushirikiano. Tunda lake linalojulikana zaidi ni shule ya Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya muungano huo. Wengi waliosoma hapo na baadaye kuiongoza Kenya waliingia wakitoka katika madhehebu mbalimbali, wakakaa bweni moja. Makanisa yaliyoshindwa kula Meza moja yaliweza kuendesha shule moja.

Waafrika walipopata nafasi ya kuchagua wenyewe, walichagua mambo ambayo wamisionari hawakuyatarajia. Mwaka wa 1929 Waskoti na Africa Inland Mission waliwataka waumini wa Kikuyu waikane tohara ya wanawake. Leo wengi wetu tutakubali kwamba desturi hiyo ina madhara, lakini amri ilitolewa kwa namna ambayo watu waliiona kuwa dharau juu ya nyumba zao, na maelfu walitoka wakaanzisha shule na makanisa ya kujitegemea. Katika Ukambani, ambako Scott alijenga kituo chake cha kwanza, African Brotherhood Church ilianza mwaka wa 1945. Neno udugu ndani ya jina hilo lilichaguliwa makusudi. Huko Murang'a, waumini waliotaka elimu zaidi kuliko ile waliyopewa walijitenga na Africa Inland Mission mnamo mwaka wa 1948 wakaunda African Christian Church and Schools. Na kazi ya Africa Inland Mission yenyewe ilikuwa imekwisha kupata jina lake la kanisa, Africa Inland Church, mwaka wa 1943. Leo AIC ni mojawapo ya makanisa makubwa ya Kenya na ya Kanda ya Ziwa katika Tanzania. Lina maaskofu, vyuo na hospitali. Ukimwuliza mkulima wa Magu dhehebu lake, atakujibu bila kusita kwamba yeye ni AIC.

Je, basi, fikra hii haikutimia popote? Ilitimia, lakini si pale ilipotangazwa. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa, walikutana majumbani na chini ya miti, Mwanglikana na Mlutheri, Mpresbiteri na Mmethodisti, wakiungama dhambi hadharani na kuitana ndugu. Hawakuwa na katiba wala mshahara. Wengi wao hawakutoka katika makanisa yao: Jumapili kila mmoja alirudi kwake, akatoa sadaka yake huko, akazikwa na mchungaji wa huko. Wakati wa vita vya Mau Mau katika Kenya baadhi yao waliuawa kwa kukataa kiapo, na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Uamsho uliweza kuvuka mipaka ya madhehebu kwa sababu haukujaribu kuwa kanisa.

Mfano wa pili ni wa lugha, na huu unatuhusu sote, Wakristo na wasio Wakristo. Kwa muda mrefu Waprotestanti walikuwa na Biblia za Kiswahili mbalimbali: ya Unguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere wa UMCA, ya Mombasa, iliyotolewa na watu wa CMS, na ile ya Mlutheri Karl Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu. Kila Biblia ilikuwa na wapenzi wake, na tofauti za lahaja zilianza kufuata tofauti za madhehebu. Mwaka wa 1950 likatoka Agano Jipya la pamoja, na mwaka wa 1952 Biblia nzima, iitwayo Union Version. Wasomaji wa madhehebu yote ya Kiprotestanti waliikubali. Hivyo watu ambao hawakupatana juu ya ubatizo walipatana juu ya neno la Kiswahili la kuutaja. Tusisahau kwamba hata mwanzo wa kazi hiyo ulivuka mipaka: Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alikuwa Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri, akiajiriwa na Waanglikana.

Baada ya uhuru yalifanywa majaribio mengine. Mwaka wa 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa moja, jambo ambalo si dogo, ingawa wote walikuwa wa dhehebu moja. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamoravian, Wamethodisti na Wapresbiteri wa Afrika ya Mashariki walizungumza juu ya kuungana, kama Wakristo wa India ya Kusini walivyofanya mwaka wa 1947. Mazungumzo yalikwama, na mojawapo ya mafundo yake lilikuwa lilelile la Weston: askofu ni nani, na anapata wapi mamlaka yake.

Kuhusu makanisa mapya ya mijini tutasema kwa kifupi. Katika Tanzania, Sheria ya Vyama ya mwaka wa 1954 hulitaka kila kanisa liandikishwe likiwa na jina, katiba na viongozi wanaojulikana. Mwalimu akitaka wanafunzi wake waelewe suala hili, awaambie wasiishie kusoma bango la mlangoni. Waulize: ni nani anayemchagua mchungaji, na ni nani awezaye kumwondoa? Kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Mchungaji akifa, waumini watakwenda wapi? Kanisa ambalo majibu yake yote ni mtu mmoja halijaondokana na dhehebu. Limeanzisha dhehebu la mtu mmoja.

Wale LMS walioondoka Urambo hawakuondoka ziwani. Walihamia ncha ya kusini, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na kuta za kanisa la mawe walilolijenga Niamkolo, karibu na Mpulungu, katika miaka ya 1890, zimesimama mpaka leo. Kazi yao huko haikukabidhiwa kwa mtu. Ilikua, ikajiunga na makanisa mengine, na Januari 1965, miezi michache baada ya uhuru wa Zambia, Waafrika wenyewe wakiwa wajumbe, waliungana na Wamethodisti na watu wa misheni ya Paris kutoka Barotse kuwa Kanisa la Umoja la Zambia. Wakristo wa Urambo wakati huo walikuwa wamekuwa Wamoravian kwa miaka 67.